Gharama ya Mlango Ulio Wazi

Katika vivuli vya miti ya Garissa, na katika makambi ya wafugaji hata Wajir na Mandera, wazee hucheza mchezo ambao Wasomali huuita shax. Mchezo huu hauna gharama. Mistari huchorwa mchangani, zikapatikana nukta 24. Kila mchezaji huokota kete zake 12, mmoja vijiwe na mwenziwe vijiti. Na wanapoinuka kwenda zao, upepo huufuta uwanja. Hakuna aliyelipa kiingilio, wala hakuna anayedaiwa. Lakini mchezo uo huo ukitiwa katika simu, mchezaji mmoja akawa Garissa na mwingine Nairobi, papo hapo huwa na kodi, na kodi hiyo haina mwisho. Vijana wengi huijua gharama ya kuanza, wasijue gharama ya kudumu. Nami nataka kuieleza hapa.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alinijia na daftari. Alikuwa amekwisha kujifunza kuandika programu, na amekusudia kuitoa shax katika mtandao ili watu waicheze wakiwa mbali. Lililomleta kwangu lilikuwa shauri la ngamia. Babu yake alikuwa tayari kuuza mtamba mmoja ili mjukuu apate mtaji. "Mwalimu," aliniambia, "babu ataka kujua kama mali yake itarudi." Swali lilikuwa zito, maana mtamba wa ngamia si fedha tu, ni maziwa ya miaka ijayo na nirigi watakaozaliwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tukakaa, tukahesabu.

Gharama ya kwanza yashangaza kwa udogo wake. Duka la Google Play hutoza dola 25, mara moja tu. Tulipoihesabu dola kwa shilingi 130, zikawa shilingi 3,250. Apple hutoza dola 99 kila mwaka, na Steam, duka la michezo ya kompyuta, hutoza dola 100 kwa kila mchezo. Juu ya fedha, Google hutaka watu: mtu binafsi mwenye akaunti mpya hana budi kupata wajaribu 12 watakaokaa na mchezo wake siku 14 mfululizo kabla haujafunguliwa kwa umma. Sharti hilo lilipoanza mwaka 2023 walitakiwa watu 20. Mwaka 2024 wakapunguzwa. Kijana alicheka, akasema kuwa 12 ndiyo hesabu ya kete za shax. Kwa gharama hiyo mtamba hakuhitajiwa. Mbuzi mmoja angetosha.

Gharama ya pili ndiyo yenye meno. Wachezaji wawili walio mbali hawawezi kukutana ila katikati yao pawe na kompyuta inayokesha, ipokee hatua ya huyu na kumpelekea yule, na ikumbuke nani amekula kete ya nani. Kompyuta hiyo huitwa seva. Iliyo ndogo hukodiwa kwa dola 5 hivi kwa mwezi, yaani shilingi 650, na kwa mwaka shilingi 7,800. Tukajaalia kwamba mchezo utauzwa kwa shilingi 50. Google humkata mtengenezaji mdogo aliyejiandikisha katika mpango wake asilimia 15. Kabla ya Julai 2021 ilikata 30. Zikabaki shilingi 42 na senti 50. Ukigawanya 7,800 kwa hizo, utaona kwamba wanatakiwa wanunuzi wapya 184 kila mwaka, tukiacha kodi ya serikali, ili kuilipia seva peke yake. Chakula cha kijana, umeme, vifurushi vya intaneti na kompyuta yake havimo.

Tena mnunuzi hulipa mara moja, lakini hucheza kila siku. Shilingi zake 50 zikisha kutumika, yeye bado yumo ndani, na seva yamkeshea. Wachezaji wakizidi sana, seva ndogo hulemewa, ikatakiwa kubwa zaidi, na kodi ikapanda. Kwa hiyo mchezo unaopendwa waweza kumfilisi mwenyewe upesi kuliko mchezo usiopendwa.

Sisi tukaao katika nchi kavu tumeliona jambo hili katika maji. Kisima kirefu kikichimbwa na kutiwa mashine, siku ya kufunguliwa hupigwa vigelegele. Lakini kisima huishi au hufa kwa mafuta ya mashine na vipuri vya pampu, navyo havina siku ya sherehe. Mashine ikinyamaza katikati ya kiangazi, mfugaji aliyehamisha kundi kwa kukitegemea kisima hicho huteseka kuliko yule ambaye hakukisikia kabisa. Mchezo nao ni vivyo hivyo. Club Penguin, mchezo wa watoto uliofunguliwa nchini Kanada mwaka 2005, ulinunuliwa na Disney mwaka 2007. Na hata katika mikono ya tajiri huyo ulifungwa Machi 2017, na watoto waliozoea kukutana humo wakaukuta mlango umefungwa.

Je, asiye na mali asitengeneze mchezo? La. Lual Mayen wa Sudan Kusini alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu akamnunulia kipakatalishi cha dola 300, na kijana alikuwa akienda mwendo wa saa tatu kukitia moto wa umeme. Akatengeneza mchezo wa amani alioupa jina la Salaam. Mwanzoni hakuweka seva. Aliugawa kwa Bluetooth, simu hata simu, na baadaye akautangaza katika Facebook. Mwaka 2018 aliheshimiwa katika hafla ya The Game Awards nchini Marekani.

Mfano huo ndio uliotuongoza. Babu alipoelezwa habari ya seva aliuliza neno moja tu: "Nani atamlipa mlinzi wa usiku?" Kijana hakuwa na jibu, na mtamba akabaki zizini. Sasa anaitengeneza shax ya watu wawili waketio pamoja na kupokezana simu moja, mchezo usiohitaji mlinzi. Ukipata wapenzi wa kutosha kulipa kodi ya mwaka mzima kabla mwaka haujaanza, ndipo atakapoufungulia mlango wa mtandao.

Nawe msomaji, ukiwa na kusudi kama lake, gawa ukurasa wa daftari lako sehemu mbili. Upande mmoja andika yalipwayo mara moja. Upande wa pili andika yalipwayo kila mwezi. Kisha anza kusoma kwa upande wa pili.