Upande Uliofichika

Wahenga walinena: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Katika vilima vya Sotik, ambako michai hufuata miinamo ya ardhi, ndugu wawili waliorithi shamba la baba yao waweza kuhasimiana kwa sababu ya mita 2 tu.

Sehemu zao zina upana mmoja. Ya kwanza ni tambarare, na urefu wake ni mita 63. Ya pili imo mteremkoni. Utepe ukilazwa juu ya nyasi husoma mita 65. Mwenye tambarare huapa kwamba amepunjwa. Kumbe ramani haipimi mteremko. Huihesabu ardhi kana kwamba imetulia kama maji mtungini.

Mteremko ni upande mrefu wa pembetatu yenye pembe mraba. Ikiwa ardhi imeshuka mita 16, kanuni ya Pythagoras huufichua upande uliofichika chini ya kilima: 65 mara 65 ni 4,225, 16 mara 16 ni 256, tofauti yake ni 3,969, yaani 63 mara 63. Urithi ni sawa.

Mwanafunzi hufunzwa hesabu hii kwa Kiingereza. Wajibu wake ni kuifasiri penye kigingi cha mpaka, kabla ndugu hawajafikishana mahakamani.