Keki ya ng'ambo ya Ruzizi

Wengi wananiuliza kama ni lazima kufika Ulaya ili kusomea keki. Mimi nilivuka tu daraja la Ruzizi, nikasomea Kamembe, Rwanda, wakati wa likizo kubwa. Kule walitufundisha kwa tanuri ya umeme. Huku Bukavu umeme unakatika, basi ni sufuria: makala machache chini, mengi juu ya kifuniko. Keki ya ndizi mbivu inaiva vizuri hivyo, mradi usiifunue mapema.

Siku ya posho moja wenzangu watatu walinifuata. Tulikula mishikaki ya mbuzi, ndizi za kuchoma na sambaza za kukaanga. (Sambaza si wa Kivu tangu zamani, waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Za kwetu zina pilipili zaidi, na mimi nazipenda hizo.)

Mwenzetu anayeuza mandazi Kadutu hakula sana. Alikuwa anahesabu: unga kiasi gani, mayai mangapi, keki moja inatoa vipande vingapi. Sasa anapika keki mbili kila siku ya posho, kwa makala. Nusu ya minervali ya mtoto wake wa pili imekwisha kulipwa.