Mtego wa Kanu

Nyumba yetu ipo Rusizi I, karibu na daraja la kuvukia Bukavu, pale mto unapotoka Ziwa Kivu kuelekea Tanganyika. Nilikuwa na kuku tisa. Mayai yao niliyavusha mpakani, nayo ndiyo yaliyomnunulia mwanangu madaftari. Usiku mmoja kanu akaingia bandani, akaua watatu.

Mume wangu alikuwa lindoni, mbali na nyumbani. Nikatega kitanzi cha waya penye tundu la banda. Alfajiri nilimkuta amenaswa kiunoni, angali hai, na matiti yake yamejaa maziwa. Nikammaliza kwa rungu.

Mwanangu akauliza, "Mama, na watoto wake je?" Sikuwa na jibu.

Ngozi ile ya madoadoa haikuniletea hata senti. Msimu uliofuata panya walitafuna maharage ghalani, nami nikamkumbuka yule aliyekuwa akiwawinda usiku.

Mume wangu aliporudi likizo hakunilaumu. Alichukua nyundo, akaziba tundu kwa ubao, akainua banda juu ya nguzo zilizovikwa bati. Tangu hapo kuku hawajapungua.

Mama mwenzangu, kabla ya kutega waya, kagua kwanza banda lako.