Kituo cha Pumzi

Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja, usirejee hadi Machi 2010. Mwenye kudhani kwamba mji ulinyamaza amekosea. Jenereta zilinguruma vibarazani tangu asubuhi, na sauti ya mtu ikalazimika kupanda ndipo isikike. Ni usiku tu, zilipozimwa kwa kubana mafuta, bahari iliposikika Forodhani, na kikohozi cha jirani ng'ambo ya ukuta.

Kimya kile kilikuwa na bei yake. Pampu zilisimama, na kina mama wakatembea na ndoo kutafuta maji. Umeme uliporudi, nani angethubutu kuwaambia kwamba kuna kilichopotea?

Hata hivyo, kimya hakihitaji kiza. Mshororo wa mizani 16 hupumua baada ya mizani ya 8. Pumzi ile haiandikwi, wala ubeti hausimami bila yake. Siku nayo ina vituo vyake: baina ya adhana na ikama, mchi ulipoinuliwa juu ya kinu, kabla haujashuka. Ni vifupi mno. Mwenye sikio huvikuta humo humo ndani ya makelele, na jirani asikose maji.