Barua kwa Ndugu wa Ikolo

Tandale, Dar es Salaam



Mliniaga mkijua kuwa kufikia sasa ningekuwa Uholanzi kwenye mafunzo ya kakao. Bado niko Dar, kwa mama mdogo, nasubiri viza. Pasipoti yangu iko ubalozini. Kurudi nyumbani kungoja huko hakufai, maana kwa basi ni zaidi ya kilometa 900, na wakihitaji karatasi nyingine lazima nifike mwenyewe. Serikali ilihamia Dodoma, lakini balozi nyingi zimebaki huku pwani. Kwa sheria ya nchi za Schengen, Uholanzi ikiwamo, ombi huamuliwa ndani ya siku 15, ila likihitaji uchunguzi zaidi wanaruhusiwa kufika siku 45. Langu limeingia kwenye hayo ya uchunguzi.

Tandale ni mtaa wa nafaka. Alfajiri malori yanashusha magunia, makuli wanapita mbio na mizigo mabegani, na jua likitoka utaona vibao vimechomekwa kwenye mchele: Kyela, Kyela, Kyela. Mwanzoni nilitembea nikisoma jina la kwetu moyo ukinijaa. Halafu nikaanza kuchota kiganjani na kunusa, kama wanavyofanya mama zetu. Mwingi wake si wetu. Ni mchele mzuri, umelimwa na watu waliotoka jasho kama sisi, lakini haukutoka kwenye majaruba ya Kyela. Muuzaji mmoja alinieleza bila kuficha kwamba akiandika jina jingine wateja wanapita. Linaniuma jambo hili. Mkulima wa Ikolo anauza mpunga mapema kwa sababu ada ya shule haisubiri, kisha jina la ardhi yake linafanya biashara mjini bila yeye.

Kakao yetu angalau inapita kwenye vyama vya msingi, ghalani na mnadani, na mkulima anasikia bei ikitajwa. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipanda ikapita dola 10,000 kwa tani, nanyi mnakumbuka watu walivyokuwa wakilala shambani kulinda matunda. Sehemu kubwa ya kakao ya dunia huingia Ulaya kupitia bandari ya Amsterdam. Ndiyo maana nataka kufika huko: nione mnunuzi anaangalia nini anapokata punje katikati, na kwa nini kakao iliyovundikwa vizuri inathaminiwa kuliko ile iliyoharakishwa juani. Mkiona nimekaa kimya, msidhani nimekata tamaa.

Mama mdogo hakuniacha nikae chumbani na simu mkononi. Alinituma soko la Feri kununua samaki, akijua nitachelewa. Nilichelewa kweli. Mimi niliyekulia kwenye usipa na mbasa nilisimama pale mnadani nikitazama changu, kolekole na jodari wakipigiwa bei kwa kasi ambayo mgeni haifuati. Tofauti kubwa niliyoiona ni barafu. Samaki wa hapa hununuliwa na kupakiwa kwenye barafu papo hapo, na anafika mbali akiwa mbichi. Kwetu ziwani, Matema na Itungi, mbasa asiyeuzwa asubuhi huishia kwenye moshi au hutupwa. Ningepewa kuchagua kitu kimoja cha kupeleka kwetu kutoka mji huu, ningechagua mtambo wa barafu.

Siku nyingine nilishuka mjini kwa basi la mwendokasi, nikafika Mtaa wa Samora penye Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja pia wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Nilikaa pale muda mrefu nikiwafikiria wazee wetu. Mei 1916 Waingereza waliingia kwetu kutoka Nyasaland na kuiteka Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, na mizigo ya vita vile ilibebwa kwa vichwa vya watu. Kabla ya hapo, Julai 1890, Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wa kugawana nchi, na Mto Songwe ukawa mpaka. Wangonde wa Karonga, tunaosikilizana nao lugha, wakawa watu wa nchi nyingine. Sisi tumeendelea kuvuka kwa misiba na harusi. Karatasi ile ilitukuta bila kutuuliza, na mtoto wa mpakani bado anaulizwa maswali mengi kuliko mtoto wa katikati ya nchi.

Mimi niliulizwa. Nilipoomba pasipoti nilikuwa na namba ya NIDA na cheti changu cha kuzaliwa. Nikatakiwa na cha mzazi. Baba alizaliwa nyumbani, akapokewa na bibi yake, na hakuna aliyeandika. Ikabidi mzee ale kiapo. Sasa ofisi ya viza inauliza kwa nini jina la ukoo kwenye cheti changu cha shule lina herufi isiyokuwamo kwenye pasipoti. Herufi moja, ndugu zangu, imenizuia Dar.

Kwa hiyo nawaomba. Mwaka 2013 mkoa wetu wa Mbeya ulianza mpango wa RITA wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata bila ada. Watoto wale sasa ni vijana. Wazazi, tafuteni vyeti hivyo leo, mviweke pamoja na vyeti vya shule, mlinganishe majina herufi kwa herufi. Penye kosa, lirekebisheni sasa, mtoto akiwa bado hana safari wala kazi inayomsubiri. Na ninyi mliozaliwa zamani bila kuandikwa, nendeni wilayani Kyela mkajisajili wakati wazee waliowaona mkizaliwa bado wako hai wa kuwatolea ushahidi.