Fungu la Ndege

Kila mwaka mapera yakifikia ukubwa wa ndimu, mpera ulio nyuma ya nyumba yangu huvalishwa nguo. Nafunga tunda moja moja ndani ya mfuko mdogo wa kitambaa cha pazia jepesi, nakaza uzi kwenye kijitawi kilicho juu ya kikonyo, mpaka mti mzima uonekane kama umeanikwa kofia za watoto. Hapa kwetu Morogoro wapita njia huniona na kucheka, nami hucheka nao. Ila msimu uliopita mama mmoja tunayesali naye jumuiya aliniuliza jambo lisilonichekesha. Alisema, "Mwenzangu, si tunaamini kwamba Mungu ndiye anayewalisha ndege? Mbona wewe unawanyima?" Nimelichukua swali lake kwa heshima, na haya ndiyo niliyoyapata nikilitafakari.

Kwanza niseme kwamba ndege si adui mkubwa wa mapera. Shore hudonoa na kunguru hubeba, lakini hao unawaona na ukipiga makofi wanaruka. Adui mkubwa ni inzi wa matunda. Mwaka 2003 aina moja yenye asili ya Asia iligunduliwa Kenya, na mwaka huohuo ikaonekana Tanzania. Tangu hapo wenye maembe na mapera hatujalala usingizi mzuri. Jike hutoboa ganda la tunda, hutaga mayai ndani yake, kisha huenda zake. Kwa nje hubaki kitone kidogo kama cha ncha ya sindano. Siku chache baadaye funza huanguliwa, na tunda huendelea kuiva na kunukia vizuri kabisa. Likianguka, funza hujichimbia udongoni, na kutoka humo huja kizazi kingine cha inzi.

Kwa sababu hiyo, mfuko ufungwe mapema, pera likiwa bado gumu na la kijani. Ukifunga baada ya inzi kutaga, umemlinda funza. Shore hawezi kumfikia tena, naye anakula kwa amani ndani ya ulinzi wako mwenyewe.

Mfuko wenyewe nao una mambo yake. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwezi Juni 2019, vimfuko vya wavu vilienea madukani, na vinazuia ndege vizuri. Lakini matundu yake ni makubwa, inzi anapita kama anaingia kwao. Plastiki nayo, hata ingeruhusiwa, hufungia jasho la tunda likaoza. Chandarua chenye dawa sikiweki kwenye kitu cha kuliwa. Kinachofaa ni kitambaa kinachopitisha hewa na mwanga lakini si inzi, kishonwe kwa nafasi, kisibane. Kikilala juu ya ganda, inzi anaweza kutaga kupitia kwenye tundu la kitambaa.

Mjukuu wangu ndiye anayepanda ngazi siku hizi, kwa kuwa magoti yangu yamekataa. Ana miaka kumi na minne, na Januari anakwenda shule ya bweni. Fedha za mapera ndizo zitakazonunua daftari zake na nauli. Siku moja nilimwambia akaze zaidi, naye akanijibu akiwa juu, "Bibi, nikikaza hivyo tawi litakatika. Linahitaji kunenepa." Nilinyamaza. Nilijua anazungumzia uzi, lakini mimi nilikuwa nawaza bweni, marafiki nisiowajua, na jioni ambazo sitamsikia akirudi.

Biblia haijawahi kuniambia kwamba kulinda ni kukosa imani. Katika Mwanzo sura ya pili mtu anawekwa bustanini ailime na kuitunza, na hapo dhambi ilikuwa bado haijaingia. Katika Isaya sura ya tano, mwenye shamba la mizabibu anaondoa mawe, anajenga mnara na kuweka boma, na mwenye shamba huyo ni Mungu mwenyewe. Kama Yeye anaweka boma, mimi ni nani nidharau kipande cha pazia?

Lakini Isaya haishii hapo. Shamba lile lililotunzwa vyema lilizaa zabibu mwitu. Hapo ndipo ninapogusa kidonda changu. Mama yake kijana huyu, binti yangu wa kwanza, nilimlea kwa uangalifu huuhuu. Nilimchanja, nikamsomesha, nikamwombea kila usiku. Ugonjwa ukamchukua akiwa na miaka thelathini na mmoja, akaniachia mtoto wa miaka mitatu. Basi sitamdanganya mtu kwamba ukifunga vizuri, kila tunda litafika kikapuni. Upepo huangusha yaliyofungwa pia. Mengine hunyauka ndani ya mfuko bila kuguswa na mdudu yeyote, na sijui kwa nini.

Zaburi ya 127 huwa tunaisoma kana kwamba inamfukuza mlinzi kazini. Mimi naiona inamwacha palepale langoni, ila inamkumbusha kwamba mji si wake. Kwa miaka mingi kukumbushwa huko kuliniuma. Sasa kunanipumzisha. Nafunga uzi kwa mikono yangu, na kunenepa kwa tunda si kazi ya mikono yangu. Sikuwahi kuona pera likinenepa. Naona tu, asubuhi moja, kwamba mfuko umejaa.

Na ndege? Matawi ya juu, pale ngazi inapokoma, hatuyafungi. Tunayaita fungu la ndege. Nililitoa katika Walawi sura ya kumi na tisa, ambako mvunaji anakatazwa kumaliza pembe za shamba na kuokota kila zabibu iliyoanguka, ili maskini na mgeni wapate. Shore wanalijua fungu lao. Popo wanalijua pia, na asubuhi nakuta wamelitangaza uani.

Lakini fungu hilo lina kazi yake. Mapera ya juu hayana ulinzi, kwa hiyo inzi hutaga humo, na yakianguka yakaachwa chini yatazaa inzi wa kushambulia mti wangu na miti ya jirani. Kila asubuhi, kabla ya chai, tunaokota yote yaliyoanguka na kuyafukia kwenye shimo refu, kiasi cha nusu mita. Nikimjibu mama yule wa jumuiya, nitamwambia hivi: ndege siwanyimi, ila kuwapa kunanigharimu kuinama kila siku. Sadaka nyingi ziko hivyo. Kutoa ni mara moja, kuitunza isigeuke madhara kwa wengine ni kila asubuhi.

Kwa mjukuu wangu nimeamua kufanya vivyo hivyo. Yaliyotakiwa kufungwa mapema tumekwisha kuyafunga: sala ya jioni tangu hajui kusoma, ukweli kuhusu mama yake alipouliza, mazoea ya kuniambia jambo kabla sijalisikia kwa wengine. Hayo ataondoka nayo. Sitamnunulia simu ya siri ya kumfuatilia usiku, wala sitamwomba mwalimu anipelelezee. Anahitaji hewa na mwanga. Ziko sehemu za maisha yake zilizo juu kuliko ngazi yangu, na huko atakutana na wadonoaji.

Ndugu msomaji, kama una mtoto, au mjukuu, au imani changa ya mtu uliyekabidhiwa, linda unachokifikia, ukilinde kingali kigumu na cha kijani, na usikibane. Usichokifikia kina mwenyewe. Mkabidhi usiku, kisha asubuhi uamke uokote yaliyoanguka.