Iafoni za Bei Poa: Kila Sikio na Lake

Kuna watu ukiwatajia iafoni za bei rahisi wanakunja uso hata kabla hawajazijaribu. Rahisi ghali, wanasema, ukitaka muziki mzuri vunja kibubu. Mimi nasema ngoja kwanza. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya vipimo vya hedifoni 283, zikiwemo zile kubwa za kufunika sikio na hizi ndogo za kuchomeka ndani. Alipima kila moja inavyotoa sauti nzito na sauti nyembamba, kisha akalinganisha na bei yake dukani. Uhusiano kati ya vitu hivyo viwili hakuuona.

Kwa sisi ambao mshahara unaanza kukohoa tarehe 15, hiyo ni habari njema. Lakini haina maana kwamba uokote yoyote utakayokutana nayo barabarani. Maana yake ni kwamba bei haitakuchagulia, itabidi uchague mwenyewe kwa masikio yako. Na hapo ndipo wengi tunapokwama.

Kwetu nyumbani mada hii haikuanzia kwenye muziki, ilianzia kwenye televisheni. Mwenzangu akirudi jioni alikuwa anaongeza sauti mpaka jirani anapata taarifa ya habari bila kuwasha yake. Nikimwita kutoka jikoni, kimya. Mke mwingine angeshanuna zamani, "siku hizi hanisikilizi". Mimi nikamuuliza tu kulikoni. Akaniambia masikio yanapiga mluzi tangu anaposhuka kwenye daladala. Kwenda saa moja na nusu, kurudi saa moja na nusu, iafoni masikioni, sauti mwisho.

"Sasa nifanyeje, mama watoto?" akasema. "Daladala ina redio yake, konda anapiga kelele, injini ndiyo hiyo inanguruma. Nikipunguza sisikii kitu."

Jamani, hili si la kuchekea. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 mtu mzima anaweza kuisikiliza hadi saa 40 kwa wiki. Ikipanda kufika desibeli 90, muda salama unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki nzima. Hebu piga hesabu ya foleni zetu. Mwaka 2022 shirika hilo hilo lilisema zaidi ya vijana bilioni 1, wa miaka 12 hadi 35, wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza muziki kwa sauti ya juu mno. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikishakufa havioti tena.

Basi Jumamosi moja tukakaa mezani na iafoni tatu, zote za waya. Ya kwanza ni ya shilingi 5,000 kutoka kwa vijana wa Kariakoo, haina jina. Ya pili ilikuja na simu yake, ile ya plastiki ngumu inayokaa mlangoni mwa sikio bila kuingia ndani. Ya tatu tuliazima kwa rafiki, alinunua kama shilingi 50,000.

Tulijiwekea sheria tatu: simu moja, wimbo mmoja, sauti ya kiwango kimoja. Hiyo ya tatu ndiyo watu wanaisahau. Sikio la binadamu linadanganyika kirahisi, iafoni inayopiga kwa nguvu zaidi kidogo tu utaiona ndiyo nzuri. Kwa hiyo kabla ya kutoa hukumu, punguza ile yenye kelele mpaka sauti ya mwimbaji ilingane na ya mwenzake.

Wimbo nao uwe ule unaoujua kwa moyo. Sisi tulianza na taarabu ya Unguja, maana mle kuna ganuni, fidla, akodiani na udi vyote kwa pamoja. Jiulize: naweza kuifuata ganuni peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, au ala zote zimegeuka uji? Tukahamia kwenye dansi la zamani, pale magitaa yanapojibizana. Tukamalizia na Bongo Fleva kwa ajili ya besi. Yale maandishi ya kwenye boksi, "20 Hz hadi 20,000 Hz", usihangaike nayo. Huo ni upeo wa kusikia wa binadamu, iafoni karibu zote zinaandikwa hivyo, na hauelezi kama sauti zimelingana au la.

Ya shilingi 5,000 ilikuwa na besi ya kutosha harusi nzima, ila ilifunika kila kitu. Mwimbaji alikuwa kama anaimba ndani ya ndoo. Ile ya simu, mwimbaji anasikika vizuri kabisa lakini gitaa la besi limekwenda likizo, na kelele zote za nje zinaingia. Ya tatu nikaipenda hapo hapo. Ganuni naisikia, fidla naisikia, besi ipo na haisumbui.

Nikampa mwenzangu. Akasikiliza dakika mbili, akaitoa.

"Hii ndiyo ya elfu hamsini? Mbona imekonda hivi?"

Tungeweza kubishana mpaka usiku, na kila mtu angekuwa anasema kweli. Nikachukua vile vipira laini vya mwishoni. Iafoni nyingi za kuchomeka zinakuja na saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, na watu wengi wanaacha ile iliyokuwepo ilipotoka kwenye boksi. Mimi ya kati inanikaa sawasawa. Yeye tundu la sikio lake ni pana, kipira kilikuwa kinaning'inia tu. Panapobaki upenyo, sauti nzito ndizo zinazotoroka kwanza, ndiyo maana aliona muziki umekonda. Tukaweka kubwa. Akanyamaza. Halafu kichwa kikaanza kutikisika chenyewe.

Faida ya pili aliikuta Jumatatu kwenye daladala. Kipira kikiziba vizuri, kelele za nje nazo zinapungua, kwa hiyo alijikuta anasikiliza katikati ya kipimo badala ya mwisho. Baada ya wiki chache mluzi ukapungua na televisheni ikarudi kwenye adabu zake. (Wewe ukiona mluzi hauishi, usitafute iafoni mpya, muone daktari wa masikio.)

Kama unaingia dukani, basi, anza na za waya. Mwaka 2022 zilitoka iafoni kama Moondrop Chu na 7Hz Salnotes Zero, za dola 20 hivi, zenye kispika kimoja tu kila upande, na zikasifiwa na watu waliozoea za bei mbaya. Za Bluetooth zina raha yake, lakini kwa bei hiyo hiyo sehemu ya pesa yako inakwenda kwenye betri na vifaa vya kurushia mawimbi. Simu nyingi siku hizi hazina tundu la duara, Apple walianza kuliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, kwa hiyo uliza adapta mapema.

Na kwa wale wapenzi wa sikio moja langu, moja lako: tamu, naelewa. Ila jueni kwamba muziki umegawanywa kushoto na kulia. Wewe unaweza kusikia gitaa la solo, mwenzako akaambulia ridhimu, halafu mnabishana wimbo una nini. Ingieni kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, mwashe sauti ya mono. Kila mmoja atapata wimbo mzima. Na vifuteni vipira kabla ya kubadilishana, mapenzi hayazuii maambukizi ya sikio.

La mwisho, kama unataka kumnunulia mwenzako zawadi, usisikilize kwa masikio yako ukaridhika kwa niaba yake. Nenda naye. Mwache ajaribu vipira vyote vitatu, achague wimbo wake, akuambie anasikia nini. Sikio lake umelala nalo miaka yote hiyo, lakini ukubwa wake hujawahi kuujua.